Mazoea, Fimbo na Nia

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu aliyempa mwanadamu ulimi wa kusoma na moyo wa kufahamu, na rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Liko swali lizungukalo katika mabaraza yetu, nalo ni hili: mtoto asaliye kwa sababu amezoeshwa, au kwa sababu anaogopa bakora, je, kitendo chake ni ibada au ni ada tu? Na sisi tumzoeshao, tunamlea mja wa Mungu au tunafuga? Wako wazee wasemao kuwa kuzoesha ndiko kulea, na fimbo ndiyo ufunguo wake. Na wako vijana wetu waliosoma skuli wakapewa khabari za mbwa wa Mrusi, aliyekuwa akitokwa na mate kwa kusikia mlio, wakarejea majumbani wakisema kwamba dini waliyofundishwa chuoni ilikuwa ni mlio na mate, basi. Maneno haya si ya kupuzwa, wala si ya kujibiwa kwa makelele. Mwenye kuyasema huenda akawa mwanao.

Mimi nitaanza na mbwa, kwa kuwa mbwa ndiye aliyeletwa barazani, wala ndugu msomaji asione karaha. Ni kweli kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi mbwa ni najisi nzito, na palipopatwa na rutuba yake huoshwa mara 7, moja katika hizo kwa udongo. Lakini Qurani imewataja wanyama wa mawindo waliofundishwa katika Sura ya Maida, na wanazuoni wetu wamewaandikia mlango mzima. Mwindaji akimtuma mbwa wake, naye akamuua mnyama kabla ya mwenyewe kuwahi kuchinja, nyama hiyo ni halali ikiwa mbwa amefundishwa, na ni mzoga ikiwa hakufundishwa. Windo ni lile lile na meno ni yale yale. Kilichofarikisha ni mafunzo tu.

Basi wanazuoni wakauliza: tutajuaje kuwa amefundishwa? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameyataja masharti katika Minhaji yake: akitumwa aende, akikatazwa azuilike, akikamata amzuilie bwana wake wala asile, na mambo haya yakariri mpaka idhaniwe kuwa amekwisha kuadibika. Yakariri mara ngapi? Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wawili wa Imamu Abu Hanifa, walitaja mara 3. Wanazuoni wetu hawakuweka hesabu. Wamewaachia wenye ujuzi wa wanyama, kwani mnyama na mnyama hawalingani. Na mbwa aliyekwisha kujulikana kuwa amefundishwa, kisha siku moja akala katika windo, windo hilo haliliwi kwa kauli yenye nguvu, na mbwa mwenyewe hutakiwa afundishwe upya. Nakuomba, ndugu, uliweke karibu neno hili la kufundishwa upya, tutalihitaji.

Katika jambo la hesabu, wa zama hizi wamefika pale pale walipofika mashekhe. Utafiti mmoja wa London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu 96 waliojitia kuzoea kitendo kidogo cha kila siku, kama kunywa maji baada ya chakula. Katika wale ambao hesabu yao ilisimama, wa katikati alihitaji siku 66 mpaka kitendo kije chenyewe. Mwepesi wao zilimtosha 18, na mzito alikadiriwa siku 254. Kwa hiyo mwalimu amwambiaye mtoto, "Mwenzako ameshika kwa wiki mbili, na wewe je?" amesema neno lisilo na ilimu ndani yake.

Sasa tumtazame huyo Mrusi. Jina lake ni Ivan Pavlov, na mji wake wa kazi ulikuwa St. Petersburg. Mwaka 1904 alitunukiwa nishani ya Nobel kwa kuchunguza chakula kinavyofanyiwa kazi tumboni. Katika uchunguzi wake aliona kuwa mbwa hutokwa na mate kabla ya chakula kumfikia, kwa kumuona tu yule mtu aletaye chakula. Akaingia kulitafuta jambo hili: akapiga mlio, kisha akatoa chakula, mlio, kisha chakula, baada ya kukariri, mlio peke yake ukawa unatoa mate. Akaona tena kwamba ukipiga mlio mara nyingi bila ya kutoa chakula, mate hupungua mpaka yakakoma. Lakini mbwa akipumzishwa kisha akasikizishwa mlio ule, mate hurudi kidogo. Maana yake, kilichozoewa hakifutiki kama wino wa ubaoni. Huzimika juu, na kaa la moto limo chini.

Mtu husoma khabari hii akacheka, akasema, "Huyo ni mbwa." Lakini mwaka 1920, katika chuo kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walimchukua mtoto asiyetimiza mwaka, wakamwekea panya mweupe. Mtoto akanyosha mkono kumgusa wala hakuogopa. Kisha wakawa kila amgusapo panya, nyuma ya kichwa chake hupigwa nyundo juu ya chuma. Baada ya mara chache mtoto akawa akimuona panya hulia na kutambaa akimbie. Na khofu ile ikatapakaa ikafika kwa sungura na kwa koti la manyoya, vitu ambavyo havikupigiwa nyundo. Kitendo hiki ni dhulma iliyo wazi, na mtoto akaondoka pale bila ya kuondolewa khofu waliyomtia. Walakini kimeonyesha jambo ambalo kila mwenye kushika bakora imempasa alijue. Panya hakumfanyia mtoto lolote. Kelele ilitoka katika nyundo, na nyundo ilikuwa katika mkono wa mtu. Na juu ya hayo, khofu ikamwangukia panya.

Wazee wetu wamelijua hili tangu zamani, waliposema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 (1111), ametaja katika Mustasfa mfano kama huo huo, wa mtu aliyeumwa na nyoka akawa akimbia kamba yenye madoadoa. Akaeleza kuwa nafsi ikikuta vitu viwili vimeandamana, hudhani kuwa kimoja hakiachani na mwenziwe, hata akili ikikataa.

Haya, ingia nami chuoni. Mtoto wa miaka sita ameketi jamvini, na juzuu i mbele yake juu ya marufaa. Amekosea herufi, na bakora imemshukia. Mwalimu anaamini kuwa mtoto ameyafunga maumivu yale pamoja na kosa lake. Nani aliyemhakikishia? Mbele ya mtoto wakati ule viko vitu vingi: uso wa mwalimu, harufu ya jamvi, sauti za wenzake, na kilicho karibu na macho yake kuliko vyote ni juzuu yenyewe. Ilhali kosa lake halioni, maana lau angaliliona asingalikosea. Sisi twaweza kuchagua lini tupige na wapi tupige. Ambalo hatuwezi kulichagua ni moyo wa mtoto utayafunga maumivu na kitu gani. Na ikiwa umeyafunga na Kitabu cha Mwenyiezi Mungu, tumefanya nini?

Mwalimu yeyote aliyekaa na watoto amewaona wale ambao nyumbani kwa mama zao husoma Tabaraka bila ya kukwama, na wakifika mbele ya jamvi ulimi huwafunga. Hao huitwa wavivu, wakaongezwa. Na wako watu wazima, wenye ndevu na biashara, waliokhitimu wakiwa watoto, karamu ikafanywa na wazee wakapewa pole na hongera, na tangu siku ile msahafu umo kabatini umefungwa kitambaa kizuri. Ukimuuliza husema ana shughuli. Huenda ni kweli. Na huenda ni ule ung'ongo.

Hapa ndugu ataniambia: Je, Mtume (S.A.W.) hakuamrisha watoto waamriwe sala wakiwa na miaka 7, na wapigwe kwa kuiacha wakiwa na miaka 10? Naam, hadithi hiyo ameipokea Abu Daud na wengineo, nami naipokea kwa kichwa na macho. Lakini ihesabu. Baina ya 7 na 10 iko miaka 3. Mwaka wa Hijra una siku 354, basi miaka 3 ni siku 1062, na kila siku ina sala 5. Hizo ni amri 5310 kabla ya kipigo cha kwanza. Mzee aliyeamrisha mara 5310 kwa ulimi mzuri, naye mwenyewe yumo safuni mtoto akimuona, hatamkuta wa kupigwa ila kwa nadra. Sisi hupiga kabla ya saba. Hupiga kwa herufi, hupiga kwa kuchelewa, na wengine hupiga kwa ghadhabu walizotoka nazo majumbani mwao. Kisha tukiulizwa huitaja hadithi ya sala.

Na hicho kipigo chenyewe mafakihi wamekifunga kamba fupi. Kisiwe cha kuumiza, kisiwe usoni, na mwalimu akimpiga mtoto akaangamia, mwalimu hudhaminishwa, hakuna mzee awezaye kumhalalishia kwa kumwambia, "Mpige upendavyo." Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mkubwa katika wakubwa wa madhehebu yetu, aliyefariki mwaka 660 (1262), ameliuliza swali lenyewe katika Qawaid: ikiwa mtoto hatengenei ila kwa kipigo kikali, je, yajuzu? Akajibu kuwa haijuzu. Bali hata kile chepesi hakijuzu tena. Kwa nini? Kwa kuwa kipigo asili yake ni madhara, na kiliruhusiwa kwa kuwa ni njia ya kufikia adabu. Ikiwa adabu haifikiwi, njia nayo imeanguka. Ndugu yangu mwalimu, lifikiri jawabu hili. Desturi yetu ni kinyume chake: kidogo kisipofaa, huongezwa.

Na Ibnu Khaldun, katika Mukaddima aliyoitunga mwaka 1377, ameeleza kuwa mwanafunzi aleliwaye kwa ukali nafsi yake hudidimia, hujifunza uwongo na hila, hudhihirisha asiyokuwa nayo moyoni kwa kuogopa mkono, mpaka hila hizo zikawa ndiyo tabia yake. Tazama basi: fimbo imefundisha kweli, ila imefundisha somo jengine.

Hayo yamepatikana hata kwa panya. Mmarekani B. F. Skinner aliwafundisha panya kubonyeza kijiti wapate chakula. Kisha akawaondolea chakula, na katika utafiti alioutoa mwaka 1938 akawagawa: wengine waliachwa wabonyeze bure mpaka wachoke, na wengine mwanzoni walipigwa miguu kila walipobonyeza. Waliopigwa wakaacha upesi. Mwenye kupiga angalifurahi lau angaliondoka saa ile. Lakini kipigo kilipokoma wakarudia, mpaka jumla ya kubonyeza kwao ikalingana na wale wasioguswa. Na Edward Thorndike, ambaye mwaka 1898 alikuwa amewafungia paka makashani akitazama wajifunzavyo kufungua, hapo kwanza alishika kuwa furaha hulitia nguvu tendo na maumivu hulidhoofisha kwa kadiri ile ile. Kufika mwaka 1932 alikuwa ameirekebisha kauli yake: thawabu hutia nguvu, ama adhabu haina kazi sawa nayo.

Wazee husema, "Sisi tulipigwa na tukasoma." Kweli. Waliosoma tunawaona, kwa kuwa wamo msikitini na barazani. Wale ambao bakora iliwatoa chuoni hawakuja kutoa ushahidi.

Rudi sasa kwa yule mbwa aliyekula katika windo lake. Mtoto asaliye babake akiwapo, na akisafiri baba asisali, amelizuilia windo nafsi yake, hakumzuilia bwana wake. Mafakihi walisema nini juu ya mbwa kama huyo? Hawakusema azidishiwe kipigo. Walisema mafunzo yale hayakuwa mafunzo, na aanzishwe upya. Ikiwa hii ndiyo insafu tuliyomfanyia mnyama tuoshao mara 7, mtoto wa Kiislamu ana haki kubwa zaidi.

Limebaki neno la kijana, na ni zito kuliko la wazee. Yeye husema: hata mkiacha fimbo mkazoesha kwa halua, bado ni mazoea, mmenitengeneza, na sala yangu ni mlio wenu.

Namjibu kwanza kuwa hakuna jambo la mwanadamu lisiloanza hivyo. Hakuna mtoto aliyeitamka lugha ya mamaye kwa hiari baada ya kuzipima lugha zote. Wala kwa ajili hiyo hatusemi kuwa maneno ayasemayo mtu mzima si yake. Imamu Ghazali katika Ihyau ameifasiri tabia kuwa ni hali iliyokita katika nafsi, vikatoka kwayo vitendo kwa wepesi bila ya kufikiri. Na njia ya kuipata ni kujikalifisha kwanza. Akapiga mfano wa mwenye kutaka kuwa hodari wa khati: huiga mkono wa hodari kwa taabu siku nyingi, mpaka khati nzuri ikawa yatoka kwake yenyewe. Hapana mwenye akili atakayemwambia khattati kuwa khati si yake kwa sababu alizoeshwa.

Lakini jawabu la pili ndilo lililo karibu na moyo wangu. Sheria yetu yenyewe haikuridhika na mazoea. Mafakihi wamesema kuwa nia imewekwa ipate kupambanua baina ya ada na ibada: mtu huoga kwa joto na huoga kwa janaba, na maji ni yale yale. Na katika madhehebu ya Shafi nia ni nguzo ya sala, hutakiwa iandamane na takbiri yenyewe, na kila faradhi ina nia yake. Aliyesali miaka arobaini bila ya kukosa, alfajiri ya leo hana akiba ya nia hata moja ya jana. Wenzetu wafuasi wa Imamu Malik wamejuzisha nia moja kwa mwezi mzima wa Ramadhani. Sisi twaitaka kila usiku mpya, kwa usiku thelathini, hata kwa mzee aliyefunga Ramadhani hamsini. Kwa nini dhiki hii? Mimi naiona kuwa ni mlango ulioachwa wazi makusudi, mazoea yasiweze kuuziba. Mazoea yatakuamsha, yatakutawadhisha, yatakuchukua mpaka safuni kama punda aijuaye njia ya nyumbani. Kufika hapo yamesimama, na wewe peke yako ndiwe wa kusema unafanya nini. Mbwa wa Pavlov hakuulizwa neno mbele ya kila mlio. Basi kijana aliyekwisha kuona kuwa alizoeshwa, hajaitoka sala. Amefika penye swali lake.

Wala kuzoea hakuishi utotoni. Mtu ametubu mirungi kwa moyo safi, akakaa mwezi hana haja nayo. Jioni moja apita penye baraza ile ile, kikombe kile kile cha chai chungu, mate yakamjaa, akasema toba yake ilikuwa ya uwongo. Siyo. Ni mlio. Ndio maana katika hadithi ya Bukhari na Muslim, yule aliyeua watu 99, kisha akamtimizia mia yule mwenye ibada aliyemkatisha tamaa, alipomwendea mwanachuoni hakuambiwa atubu tu. Aliambiwa auhame mji wake aende kwa watu wema. Na kijana achezaye kamari ya mipira ya ng'ambo katika simu yake, apataye mara moja na kukosa mara kumi, asijidanganye kuwa kukosa kutamchosha. Charles Ferster na huyo Skinner walionyesha mwaka 1957 kuwa njiwa apewaye chembe kwa kubahatisha hudonoa muda mrefu kuliko apewaye kila mara. Hivyo ndivyo pia amfundishavyo mwanawe mama asemaye hapana mara nne, na ya tano akampa.

Nimeulizwa khasa juu ya mtoto aliyekwisha kuogopa juzuu, afanyweje. Mwaka 1924 mwanamke mmoja wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika khabari za mtoto wa karibu miaka 3 aliyekuwa akimuogopa sungura. Alikalishwa kitini akila chakula akipendacho, na sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Kila siku akasogezwa kidogo, kwa kadiri ambayo mtoto aliweza kuendelea kula. Watoto wengine wasioogopa nao waliletwa wacheze pale pale akiwaona. Mwisho mtoto akamchezea sungura kwa mikono yake.

Basi mwalimu aitoe bakora nje ya chuo kabisa, si nyuma ya mlango. Mtoto huyo asipewe juzuu kwanza. Aketi apendapo, asikilize wenzake wakisoma, apewe tende kama wao. Siku nyengine aombwe aya moja aijuayo kwa moyo, asifiwe mbele ya wenzake, kama Imamu Ghazali alivyousia mtoto asifiwe kwa jema lake na apewe kitu cha kumfurahisha. Akikosea, mwalimu aisome yeye herufi ile kwa usahihi, kisha amwache aendelee. Baada ya mapumziko ya siku nyingi khofu ikirudi, asighadhibike wala asiseme kazi imepotea. Arejee nyuma hatua moja. Na ikiwa mkono uliompiga ni wa mwalimu huyo huyo, akawako chuoni mwengine mwenye sauti ya upole, mtoto aanzie kwake huyo, na mzee wa mtoto asimpunguzie yule wa kwanza ada yake.

Wallahu aalam.